Somo la Afya ya Kaya: Mtoto wa Paka na Mahali pa Kujisaidia

Utangulizi

Maharage na mahindi yanapovunwa na kuingizwa ndani, panya huyafuata. Jambo hili halihitaji kuelezwa kwa mkazi wa Kata ya Murongo, awe anaishi senta karibu na mpaka, awe anaishi vitongojini katikati ya migomba. Ndiyo sababu kila baada ya mavuno kaya nyingi hutafuta mtoto wa paka. Hupewa na jirani au ndugu, akabebwa ndani ya boksi au kikapu, akapokelewa kwa furaha, hasa na watoto. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala, na kaya iliyowahi kufungua gunia la mbegu ikakuta pumba tupu inaujua ukweli wa usemi huo.

Baada ya siku mbili tatu furaha hiyo huanza kupungua. Godoro limekojolewa. Kuna kinyesi nyuma ya magunia. Majivu ya jikoni yamefukuliwa, na harufu imeenea hadi sebuleni. Hapo mwenye nyumba hukasirika. Wapo wanaomchapa paka, wapo wanaomsugua pua katika uchafu wake, na wapo wanaomtupa njia panda usiku. Panya nao hurudi walipoachia.

Somo hili limeandaliwa ili kaya isifike huko. Hoja yake ni hii: mtoto wa paka huzaliwa na desturi ya kufukia uchafu wake, hivyo kazi ya kaya ni kumwonyesha mahali na kupasafisha mahali hapo kila siku. Maneno “kila siku” yamewekwa kwa makusudi. Sababu yake inawahusu zaidi kina mama wajawazito, nayo imeelezwa katika sehemu ya tatu.

1. Asili ya desturi ya kufukia

Paka wa nyumbani ni wa ukoo wa paka pori wa Afrika, mnyama ambaye hata leo anaishi katika nyika na mapori ya Afrika Mashariki. Alianza kuishi na binadamu miaka ipatayo 10,000 iliyopita huko Mashariki ya Kati, watu walipoanza kulima nafaka na kuzihifadhi. Maghala yalileta panya, na panya wakamleta paka. Kwa maneno mengine, kilichomkaribisha paka katika makazi ya binadamu zamani hizo ndicho kinachomkaribisha katika nyumba zetu leo.

Kutoka kwa wazazi hao wa nchi kavu, paka wetu amerithi mambo mawili yanayohusu somo hili. La kwanza, hunywa maji kidogo, na kwa hiyo mkojo wake ni mzito na harufu yake ni kali. La pili, hutafuta udongo laini na mkavu, akachimba, akajisaidia, kisha akafukia.

Mtoto wa paka hupitia hatua zinazojulikana. Tangu kuzaliwa hadi kufikia wiki 3 hivi, hawezi kujisaidia bila msaada. Mama yake humlamba ili mkojo na kinyesi vitoke, kisha husafisha. Kuanzia wiki ya 3 au ya 4 huanza kuparura ardhi kwa makucha. Huendelea kujifunza kwa kumwona mama yake akichimba na kufukia. Inafaa, kwa hiyo, asitenganishwe na mama kabla ya kutimiza wiki 8. Anayechukuliwa akiwa na wiki 4 au 5, kama wengi wanavyochukuliwa, amenyang'anywa mwalimu wake katikati ya somo. Kaya inayompokea haina budi kulimalizia somo hilo.

2. Kwa nini basi anachafua nyumba?

Sababu za kawaida ni hizi:

(a) Hajaonyeshwa mahali. Ameingizwa katika nyumba ngeni, anaogopa, na kibofu chake ni kidogo. Hujisaidia pale alipo.

(b) Nyumba ina mahali pengi panapofanana na udongo laini. Tutazame kaya zetu kwa macho ya paka. Jikoni kuna majivu ya vuguvugu. Uani kuna fungu la mchanga wa ujenzi. Sakafu ya udongo imelegea penye pembe. Chini ya migomba kuna matandazo makavu. Kando ya ukuta maharage yamemwagwa juu ya turubai yaanikwe. Mahali pote hapo, kwa akili ya paka, ni choo.

(c) Mahali alipopewa hapamfai. Pengine chombo ni kirefu asiweze kupanda, kimewekwa pembeni mwa sahani ya chakula, kiko njiani ambapo watoto wanapita wakikimbia, au hakijasafishwa kwa siku tatu. Paka haendi kwenye choo kichafu.

(d) Harufu ya zamani haijaondolewa. Alipojisaidia jana, leo hurudi kwa kufuata harufu ambayo pua ya binadamu haiisikii tena.

(e) Anaumwa. Minyoo, kuharisha, na maumivu ya njia ya mkojo humfanya ashindwe kufika mahali pake. Aidha, maziwa ya ng'ombe, ambayo wengi humpa kwa nia njema, huwaharisha paka wengi, kwa kuwa matumbo yao yanashindwa kumeng'enya sukari iliyomo. Maji safi na chakula laini chenye dagaa au nyama iliyopikwa vinatosha.

Msomaji atatambua kwamba katika orodha hii hakuna sababu iitwayo ukaidi. Paka hachafui kitanda ili kumkomoa mwenye nyumba. Kumpiga humfundisha kumwogopa anayempiga, na anayeogopa hujificha: badala ya kujisaidia mbele yako ambapo ungeona na kusafisha, ataanza kujisaidia uvunguni na nyuma ya magunia.

3. Kwa nini mahali hapo pasafishwe kila siku

Katika kinyesi cha paka kunaweza kuwa na kimelea kiitwacho toksoplasma. Kimelea hiki kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1908 nchini Tunisia, katika mnyama mdogo wa jamii ya panya aitwaye gundi. Ilipita miaka mingi, hadi karibu na mwaka 1970, ndipo wanasayansi walipothibitisha kwamba mayai yake hutoka katika kinyesi cha paka na wanyama wengine wa jamii yake.

Paka huambukizwa anapokula panya, ndege au nyama mbichi yenye kimelea. Kwa kawaida, akishaambukizwa mara ya kwanza, hutoa mayai kwa mamilioni katika kinyesi chake kwa muda wa wiki 1 hadi 3, kisha huacha. Huyu ni mara nyingi paka mdogo aliyeanza kuwinda, yaani yule yule tunayemzungumzia.

Mayai yanapotoka hayawezi kuambukiza papo hapo. Huhitaji kukaa nje ya mwili wa paka kwa siku 1 hadi 5 ndipo yapate nguvu ya kuambukiza. Kinyesi kikiondolewa siku ile ile, mayai huondoka kabla ya kuwa hatari. Kikiachwa, mayai hukomaa, na katika udongo wenye unyevu na kivuli, mfano wa ardhi ya migombani, huweza kubaki hai kwa miezi mingi, hata kuzidi mwaka. Tofauti kati ya kaya salama na kaya isiyo salama inaweza kuwa siku moja au mbili za uvivu.

Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi haoni dalili yoyote, au hupata homa ndogo inayopita. Hatari ipo kwa makundi mawili. Kundi la kwanza ni mama mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito. Kimelea huweza kumfikia mtoto tumboni, mimba ikaharibika, au mtoto akazaliwa na madhara ya macho au ubongo. Kundi la pili ni watu ambao kinga yao ya mwili imepungua. Kwao ugonjwa huweza kushambulia ubongo.

Hapa ndipo majivu ya jikoni yanapostahili kutazamwa kwa makini. Katika kaya nyingi majivu hayatupwi. Hutumika kusugulia masufuria, na wengine huyachanganya na maharage ya akiba ili kuzuia fukusi. Paka akijisaidia ndani ya majivu hayo, kinyesi hupelekwa kwenye sufuria na kwenye chakula kwa mikono ya mama mwenyewe, pengine akiwa mjamzito, bila yeye kujua. Kwa sababu hiyo majivu ya matumizi yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko, nayo yaliyobaki mafigani yazolewe kila jioni moto ukishazimika.

Pamoja na hayo, mama mjamzito hana haja ya kumfukuza paka. Kumgusa manyoya si njia kuu ya maambukizo. Njia zinazojulikana zaidi ni kinyesi kilichokaa, nyama isiyoiva, na mboga au maji yaliyochafuliwa. Basi mjamzito amwachie mtu mwingine kazi ya kusafisha choo cha paka. Asipopata mtu, avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, na anawe kwa sabuni mara amalizapo. Nyama ipikwe hadi iive ndani, mchicha na nyanya zioshwe vizuri, na mikono ioshwe baada ya kulima bustani.

Mayai ya minyoo ya paka nayo hupatikana katika kinyesi. Haya huhitaji wiki kadhaa kukomaa, na huwapata zaidi watoto wadogo wanaochezea mchanga kisha wakatia vidole mdomoni. Usafishaji wa kila siku huyazuia pia.

4. Maandalizi

Vifaa vinavyohitajika vinapatikana katika kaya bila gharama kubwa.

Chombo. Beseni la zamani linafaa. Dumu la lita 20 lililolazwa na kukatwa upande mmoja linafaa vilevile, ila makali ya plastiki yapunguzwe yasimkate. Upande wa kuingilia usizidi kimo cha sentimita 8, sawa na upana wa kiganja bila kidole gumba. Inapowezekana, kaya ianze na vyombo viwili hata kama paka ni mmoja, kimoja chumbani anapolala na kimoja karibu na mlango wa uani.

Cha kuweka ndani. Mchanga mkavu au udongo laini uliochekechwa ndio bora. Kina kiwe cha vidole viwili hadi vitatu. Unga wa mbao wa seremala unafaa pia, mradi mbao hazikupakwa dawa. Vitu viwili visitumike. Cha kwanza ni majivu: yakilowa huwa makali kwa nyayo za paka, na zaidi ya hapo humzoesha kwamba majivu ni choo, hata akaenda kuyatafuta jikoni. Cha pili ni maganda ya kahawa, ingawa yapo kwa wingi wilayani kwetu. Kahawa ina kafeini, ambayo ni sumu kwa paka, naye hulamba nyayo zake kila mara.

Mahali. Pawe pembeni, patulivu, mbali na chakula chake na mbali na jiko. Paka hapendi kujisaidia anapolia chakula, kama ambavyo binadamu hapendi.

Kufunika na kuziba. Siku ile ile anapoletwa, fungu la mchanga wa ujenzi lifunikwe kwa turubai. Magunia yapandishwe juu ya vichanja. Mazao yaliyoanikwa yawe na mtu wa kuyalinda, na jioni yaingizwe ndani. Nguo chafu zisilundikwe sakafuni. Godoro lifunikwe kwa nailoni kwa wiki za mwanzo.

5. Mafunzo ya wiki nne

Wiki ya kwanza: chumba kimoja. Mtoto wa paka asiachiwe nyumba nzima. Nyumba ni kubwa mno kwake, atapotea kabla ya kukikumbuka chombo chake. Awekwe katika chumba kimoja chenye kikapu cha kulalia upande mmoja, chakula na maji katikati, na chombo cha mchanga upande wa pili. Mara afikapo awekwe ndani ya mchanga kwa upole, kisha mchanga uparurwe kidogo kwa kijiti mbele yake. Asishikwe miguu na kulazimishwa kuchimba, huogopa.

Apewe chakula kidogo mara 3 au 4 kwa siku, saa zile zile. Anayekula kwa saa hujisaidia kwa saa. Apelekwe kwenye mchanga anapoamka, anapomaliza kula, na anapomaliza kucheza. Watoto wa shule wanaweza kupewa kazi hii asubuhi na jioni, nao huifanya vizuri wakiona imewahusu. Akijisaidia mahali pake, asifiwe kwa sauti ya upole au apewe dagaa mmoja hapo hapo.

Akionekana anazunguka, ananusa pembe za chumba, au anaparura sakafu, huyo anatafuta choo. Anyanyuliwe polepole na kupelekwa kwenye chombo. Akikutwa amekwisha kuchafua, asiadhibiwe. Kinyesi chenyewe kizolewe na kipande kidogo kiwekwe ndani ya chombo kwa siku hiyo moja, ili harufu imwelekeze.

Wiki ya pili: kufungua nyumba. Akipitisha siku 3 au 4 mfululizo bila kukosea, aongezewe chumba cha pili, kisha cha tatu. Akikosea, arudishwe chumba kimoja kwa siku chache. Hii isihesabiwe kuwa kushindwa; hata mtoto wa binadamu hurudi nyuma.

Wiki ya tatu na ya nne: kuelekea nje. Kaya nyingi hupenda paka ajisaidie nje hatimaye. Jambo hilo linawezekana, lakini lisifanywe kwa ghafla. Chombo kisogezwe hatua moja au mbili kila siku kuelekea mlangoni, kisha barazani, kisha uani. Huko pachimbwe mahali pake maalumu, kipimo cha mita 1 kwa mita 1, pajazwe mchanga, na paezekwe kwa kipande cha bati ili mvua isipaloweshe. Pawe mbali na kisima, bustani ya mboga, na uwanja wa michezo ya watoto. Mchanga wa chombo cha ndani uchanganywe na wa nje kwa siku za mwanzo. Katika miezi ya mvua kubwa, yaani Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, chombo cha ndani kiendelee kuwepo kwa usiku. Paka hatoki kwenye mvua ili kuilinda sakafu yako.

Mahali hapo pa nje nako pasafishwe kila siku. Kumhamishia uani hakuondoi wajibu ulioelezwa katika sehemu ya tatu.

6. Namna ya kusafisha

Kila siku, kinyesi na mchanga uliolowa vizolewe kwa kijiko cha zamani au kijikoleo kilichotengwa kwa kazi hiyo pekee. Vitumbukizwe katika shimo la choo, au vifukiwe kwenye shimo la kina kisichopungua sentimita 30. Visitupwe bustanini, kwenye mbolea ya mboga, mtaroni, wala katika Mto Kagera. Mara moja kwa wiki mchanga wote ubadilishwe, chombo kioshwe kwa sabuni, kisha kimwagiwe maji yanayochemka. Maji ya moto huua mayai ya toksoplasma. Dawa nyingi za kusafishia hazina uwezo huo.

Palipochafuliwa pasafishwe kulingana na aina ya sakafu. Kwenye saruji, mkojo ufyonzwe kwa kitambaa, paoshwe kwa maji ya sabuni, pasuuzwe, kisha papanguswe kwa siki iliyochanganywa na maji kwa vipimo sawa, na paachwe pakauke. Kwenye sakafu ya udongo, udongo uliolowa ukwanguliwe kwa kina cha vidole viwili na kutupwa, pajazwe udongo mkavu, pashindiliwe na kusiribwa upya. Kumwaga maji juu ya sakafu ya udongo hueneza mkojo na kuuzamisha. Godoro lifuliwe mahali palipochafuliwa na lianikwe juani siku nzima.

Tahadhari tatu zizingatiwe. Kwanza, dawa za kuua vijidudu ambazo hubadilika kuwa nyeupe kama maziwa zinapotiwa maji mara nyingi zina kemikali ambazo mwili wa paka hauwezi kuziondoa; huzilamba kutoka nyayoni zikamdhuru. Pili, dawa za kung'arisha nguo zenye klorini zisimwagwe juu ya mkojo ambao haujaoshwa, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu hata kwa binadamu. Tatu, paka asiogeshwe kwa mafuta ya taa wala kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kumtoa viroboto. Dawa iliyomfaa ng'ombe huweza kumuua paka kwa saa chache.

7. Inapoonekana ni ugonjwa

Paka aliyekwisha kujifunza, kisha akaanza tena kuchafua, atazamwe kwanza kama mgonjwa. Afisa Mifugo wa Kata aonwe endapo anaharisha kwa zaidi ya siku moja, kinyesi kina damu au minyoo, tumbo limevimba ilhali mwili umekonda, au anakojoa matone mara kwa mara.

Dalili moja haingoji kesho: paka dume anayejikunja na kukamua kwa kelele bila mkojo kutoka. Njia yake imeziba. Bila msaada huweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Tofauti na hayo ni paka dume aliyekua, ambaye husimama, akainua mkia na kurusha mkojo ukutani. Huyo anatia alama ya mipaka yake, na mchanga hautamsaidia. Dawa yake ni kumhasi, kazi inayofanywa na mtaalamu wa mifugo, vyema paka akiwa na miezi 4 hadi 6 kabla tabia haijaota mizizi. Kuhasi hupunguza pia mapigano, na mapigano ndiyo njia mojawapo ya kichaa cha mbwa kuingia katika kaya.

8. Huduma na wajibu wa kisheria

Huduma za chanjo na matibabu ya wanyama katika halmashauri zetu huratibiwa na idara inayohusika na mifugo kupitia Maafisa Mifugo wa kata na vijiji. Mwananchi anayemchukua mtoto wa paka anashauriwa kufika kwa afisa huyo mapema kwa mambo mawili.

La kwanza ni dawa ya minyoo. Watoto wa paka huweza kupata minyoo kupitia maziwa ya mama yao, kwa hiyo wengi huja nayo. Afisa ataeleza kipimo na ratiba kulingana na umri na uzito. Dawa ya binadamu isikatwe vipande na kukisiwa.

La pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa paka akiwa na miezi 3, kisha kurudiwa kama afisa atakavyoelekeza. Licha ya jina lake, ugonjwa huu huwapata paka pia, nao huwinda usiku na kukutana na wanyama wengi. Mtu akiumwa au kuparurwa na paka anayetiliwa shaka, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha kutolea huduma za afya bila kuchelewa. Ugonjwa ukishaonyesha dalili hauponi. Aidha, kwa kuwa tunapakana na Uganda, wananchi wanakumbushwa kwamba mnyama havushwi mpaka bila kibali cha mamlaka za mifugo, hata akiwa mdogo wa kutosha kuingia kikapuni.

Kuhusu kumtesa au kumtelekeza paka, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili dhidi ya mnyama na kumpa mwenye mnyama wajibu wa kumtunza. Mtoto wa paka aliyetupwa njia panda, akiishi, hukua bila chanjo na kuzaa ovyo. Uchafu aliokuwa akiuacha katika nyumba moja atauacha katika bustani na mchanga wa kitongoji kizima. Anayeshindwa kabisa kumlea amtafutie mlezi mwingine kwa msaada wa majirani au mwenyekiti wa kitongoji.

Maswali ya kujadili katika kaya

1. Katika nyumba yetu, ni mahali gapi panapofanana na udongo laini, na tumepafunika?
2. Kwa nini majivu hayafai kuwekwa katika chombo cha paka?
3. Kinyesi kikiondolewa siku ile ile, ni hatari gani inayoepukwa, na ni nani anayekingwa zaidi?
4. Nani katika kaya atasafisha choo cha paka iwapo mama ni mjamzito? Na huyo akisafiri, nani atashika zamu?
5. Paka wetu ametimiza miezi 3? Amechanjwa?

Hitimisho

Kazi iliyoelezwa hapa haizidi dakika tano kwa siku: kijiko kimoja cha kuzolea, shimo, na sabuni ya kunawia. Kwa dakika hizo kaya inapata mlinzi wa ghala lake, inaepuka harufu, na inawakinga mama na mtoto aliye tumboni. Inafaa zamu ya kusafisha ipangwe jioni ile ile paka anapoletwa, kabla watoto hawajamaliza kubishana juu ya jina lake.